Walinililia Nikiwa Gulioni Soni

Ndugu zangu wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu Kristo, mimi ambaye wengi wenu mlikwisha kuniandikia "pumzika kwa amani". Nipo hai, nimesimama mbele yenu, na utukufu ni wake aliyenisimamisha.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mama Neema. Nanunua karoti, kabichi na pilipili hoho kwa wakulima wa huku juu Lushoto, nazishusha sokoni Mombo. Kila tenga langu nalifunga kipande cha kitenge cha kijani ili lisichanganyike na ya wenzangu kwenye lori. Barabara nzima wanajua kitambaa kile ni cha nani.

Siku hiyo nilikaa mbele na dereva wetu, Mzee Shabani. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji, nikaichomeka mle garini. Tulipofika Soni tukakuta gulio limechangamka. Nikamwomba Mzee Shabani atangulie na mzigo, mimi nitafute mbegu za maharage, nitamfuata na gari la nyuma. Simu nikaisahau.

Chini kidogo ya Soni, breki zikakataa. Lori likagonga ukingo wa kona na kulala ubavu. Wa kwanza kufika alikuwa Elia, kijana wa bodaboda wa kijijini kwetu. Alimkuta Mzee Shabani amezimia, simu yangu inaita chini ya kiti, na matenga yenye vitambaa vya kijani yametawanyika mpaka korongoni. Mimi hakuniona. Akaamini nimelaliwa na lori. Akapiga picha ya matenga, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: "Mama Neema hatunaye tena. Ajali mbaya chini ya Soni."

Mtu mwingine akaongeza picha yangu ya kwaya na mishumaa. Ikatoka kundi hili ikaingia lile, mpaka ikafika kwa ndugu zetu wa Vuga, anakoishi mama yangu. Na mama yangu ana presha.

Wakati huo mimi nachagua maharage. Mama mmoja muuza ndizi, tunayefahamiana naye siku nyingi, akaniona, akaachia mkungu aliokuwa ameushika.

"Mama Neema? Wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Mimi mwenyewe nimekulilia sasa hivi. Tazama, nimekuwekea na maua."

Akanionyesha simu yake. Nikajiona mimi, na mishumaa, na watu wakinililia mstari kwa mstari. Nilicheka, ndugu zangu. Kisha nikamkumbuka mama, kicheko kikakatika. Nikaazima simu yake, nikampigia mume wangu.

"Baba Neema, ni mimi."

"Wewe nani? Dada, kama ni utapeli tafuta wengine. Mimi nina msiba."

"Ni mimi. Yule ndama umemfunga, au kaingia tena kwenye kabichi za jirani?"

Nikamsikia analia. Alipopata sauti akaniambia mama ameanguka, amepelekwa kituo cha afya, hasemi na mtu.

Nikamwambia awapigie simu kwamba nipo hai, nami nikapanda bodaboda kwenda Vuga. Njiani sikuweza kuomba maneno mengi. Nilisema tu, "Baba, asife kwa habari ambayo si ya kweli." Nikairudia mpaka tukafika.

Pale nje nikamkuta dada yangu. Aliponiona akakaa chini palepale. Nikataka kuingia ndani mbio, muuguzi akanishika mkono.

"Taratibu, mama. Ameshtuka mara moja kwa kuambiwa umekufa. Ukimtokea ghafla atashtuka mara ya pili. Tunamwambia uko hai, anasema tunamdanganya ili anywe dawa. Dawa ameikataa."

Ndugu zangu, hebu fikirini. Mama yangu yuko nyuma ya ukuta, dawa ya kumwokoa iko pembeni yake, na mimi siruhusiwi kumwonyesha uso wangu. Nikasogea dirishani, nikasimama mahali asiponiona. Nikasema kama ninavyosema kila ninapofika mlangoni kwake tangu utoto:

"Shikamoo, mama."

Nikasikia sauti yake, ndogo, iliyokauka:

"Marahaba." Kisha tena, "Marahaba, mwanangu. Mbona leo umechelewa?"

Bwana asifiwe! Muuguzi akanipa ishara, nikaingia. Mama akanishika uso wote kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimekula. Akanywa dawa.

Lakini Bwana hakuishia hapo. Presha ya mama ilipoanza kushuka, hasira yangu ikapanda. Nikachukua simu ya dada, nikaanza kumwandika Elia kwenye kundi la kijiji, ambamo dada naye yumo. Niliandika kwamba ana njaa ya misiba, kwamba ameniombea kifo, na kwamba tutaonana polisi. Dada akawa ananiongezea maneno.

Mama akauliza kitandani, "Mnaandika nini?"

Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama yake Elia yumo kwenye hilo kundi?"

"Yumo."

"Naye ana presha. Dawa tunachukua naye hapa hapa."

Nikafuta neno baada ya neno kabla sijatuma, nikampigia Elia. Kijana yule alikuwa hospitalini na Mzee Shabani. Ndiye aliyemvuta kutoka kwenye lori kwa mikono yake, na mzee amepona, amevunjika mkono tu.

"Mama, nisamehe," akasema huku analia. "Niliona vitambaa vyako. Nilidhani nakupa heshima, watu wasikuache peke yako."

"Nimekusamehe. Sasa andika wewe mwenyewe kwamba nipo."

Akaandika. Na leo katika jumuiya yetu, habari ya msiba haiwekwi kwenye simu mpaka wenye nyumba wawe wameambiwa, ana kwa ana, na mtu aliyehakikisha.

Ndugu yangu, pengine nawe umeandikwa vibaya na watu wasiojua ukweli. Usikimbilie kuwajibu. Mpelekee Mungu kwanza, yeye anajua ulipo hata wakati watu wote wamekosea. Na kama kidole chako kiko tayari kutuma neno juu ya mtu mwingine, kiondoe, ukaulize. Namshukuru Mungu aliyemwokoa mama yangu kutokana na neno la Elia, akamwokoa pia mama yake Elia kutokana na neno langu. Mama yangu amekaa pale benchi la mbele. Baada ya ibada nendeni mkamsalimie.