Fahali Wawili Kwenye Kompyuta ya Oliva

Mimi nauza kahawa, akili siuzi. Ningekuwa nauza, hawa watatu wa kwenye benchi langu pale Dongobesh, mbele ya steshenari ya Oliva, wangenunua kwa jumla. Kuna Clement, tunamwita Profesa kwa sababu alisoma kompyuta muhula mmoja Arusha akarudi na miwani. Kuna Dishi, fundi wa madishi ya televisheni. Na kuna Mzee Margwe, dalali wa mnadani, ambaye kila kitu duniani kwake ni ng'ombe. Asubuhi ile Ignasi, muuza kompyuta za mtumba, alishusha mbili kwenye benchi, kubwa na ndogo. Akamwambia Oliva, mbele yetu sote: "Zijaribu, uchague. Ila stika yenye jina langu isiguswe. Ikibanduliwa, hiyo umeshanunua." Akaenda sokoni.

Oliva: Yangu imeliwa na virusi vya flashi za wateja, kwa hiyo naiacha Windows, nahamia mfumo wa Linux. Ila programu yangu ya kuchora ramani za nyumba inataka Windows, basi Windows nitaiweka ndani ya Linux, ziwake pamoja.

Mzee Margwe: Fahali wawili hawakai zizi moja, binti.

Oliva: Ndiyo maana natafuta prosesa yenye virtualization, Mzee. Inagawa zizi. Na kadi ya grafiki inayoelewana na Linux, maana mteja wa Haydom anataka kuizungusha nyumba yake kwenye skrini kabla hajaijenga. Nikishindwa, kazi anampa mtu wa Babati.

Akaingia ndani kuandaa flashi ya Linux. Hapo ndipo wataalamu walipopata nafasi.

Profesa: Achukue kubwa. Hiyo ndogo, Windows itapitia wapi?

Dishi: (akiinyanyua) Nzito hii. Uzito wote huu ni grafiki. Ndogo ukiibeba husikii picha yoyote ndani.

Profesa: Na feni yake inavuma kama mashine ya kusaga. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikamwambia hiyo methali inatukana alichotaka kukisifu. Akasema kwenye kompyuta inageuka.

Dishi: Tatizo ni kuielekeza tu. Linux ni kama chaneli. Ukiigeuzia upande wa mlima Hanang, haishiki, mlima unaziba. Iangalie Haydom.

Mzee Margwe akabonyeza kitufe cha ile kubwa, trei ya sidii ikachomoza.

Mzee Margwe: Mnaona ulimi? Unatoka na kurudi. Huyu mzima. Ndogo haina hata ulimi.

Profesa: Sayansi hiyo, Mzee.

Mzee Margwe: Ila sipendi hizi chapa. Ng'ombe mwenye chapa nyingi kapita mikono mingi. Kule mnadani Hirbadaw ukimleta wa chapa nne, unaulizwa umemtoa wapi.

Akaanza kukwangua stika za ile kubwa kwa ukucha.

Nikasema, "Mzee, ile ya Ignasi tumeambiwaje?"

"Mama, mimina kahawa."

Profesa: Mwache, Fransiska. Stika zinazuia joto kutoka.

Dishi: Na mawimbi kuingia.

Walisaidiana. Mzee alikwangua, Dishi akamimina maji kidogo, Profesa akafuta kwa leso. Ile ya Ignasi ilitoka mwisho.

Oliva akarudi, akaziingiza dukani, akazijaribu zote mbili. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake.

Oliva: Ndogo ndiyo yenyewe. Virtualization ipo, kadi imetambulika, nyumba inazunguka vizuri. Kubwa haina. Nimeingia mpaka kwenye mipangilio ya ndani, hakuna hata pa kuiwashia, na picha inakatakata.

Profesa: Haraka haraka haina baraka.

Oliva: Nachukua ndogo, hela yangu ni ya moja tu. Leo leo naanza kuchora.

Akazirudisha zote benchini. Mimi nilikuwa namtazama Mzee Margwe, Mzee Margwe anatazama barabara. Ignasi akafika, akainamia ile kubwa aipakie, akasimama.

Ignasi: Stika yangu iko wapi?

Oliva akaigeuza kompyuta huku na huku. Ule ucheko ukamtoka usoni. Akatutazama mmoja mmoja, na akaona kucha za Mzee zilivyojaa gundi. Msichana wa umri wake hamtaji mzee mbele za watu, hata kama kazi yake inakwenda Babati.

Ignasi: Shikamoo, Mzee Margwe.

Mzee Margwe: Marahaba, mwanangu.

Ignasi: Mnadani wewe ndiye shahidi wetu sote, nikuulize wewe. Nani ameibandua?

Profesa akavua miwani. Dishi akaanza kukagua bati la duka. Mzee Margwe akakohoa, akaninyooshea kikombe.

"Fransiska, niongeze."

"Imekwisha, Mzee," nikamwambia, na birika limejaa. "Mjibu Ignasi kwanza."

Kikombe kikabaki hewani.