Veronika Tluway na Miaka Kumi na Miwili ya Kutogusa

Tarehe 30 Juni, Veronika Tluway wa Endamarariek anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya mifugo hapa Karatu miaka thelathini na mmoja. Miaka kumi na miwili ya mwisho kazi yake ilikuwa kukaa. Msicheke, wengi wenu hata hiyo imewashinda.

Mimi nampikia chai. Alinieleza nami nikaelewa. Kirusi kina ganda. Vero huchukua protini za ganda tu, ugonjwa hamna ndani, akazitia kwenye kichupa chenye punje za dhahabu ambazo jicho halizioni. Protini zinaizunguka punje, zinashikana zenyewe, ganda linajifunga. Hakuna anayezipanga. Ng'ombe akichomwa maganda hayo, mwili unajifunza kuutambua ugonjwa wa miguu na midomo kabla haujafika. Maji yakibaki mekundu kama shuka za wafugaji wa Piyaya, salama. Yakitikiswa yakageuka bluu, punje zimegandana, mwaga.

Kwa hiyo alibandika karatasi mezani: USIGUSE. Hapo ndipo wasomi hushindwa. Huyu atikise, yule akoroge, utadhani ni ugali.

Mwaka 2019 alikuja mkaguzi kutoka makao makuu, akamkuta Vero mikono mapajani, anakitazama kichupa. Akauliza anafanya nini. Akajibiwa, "Nasubiri." Bwana akaandika kwamba nafasi hiyo ifutwe. Kisha, ili amwonyeshe kazi inavyofanywa, akakinyakua kichupa akakitikisa barabara. Kikawa bluu mkononi mwake. Protini ya miezi mitatu ikapotea.

Vero akamwambia, "Umetusaidia sana, baba. Sasa kapumzike, unywe chai." Chai nilimpa, sukari nilimnyima. Kabla ya kuondoka mkaguzi aliikata ile sentensi ya kufuta nafasi kwa kalamu yake mwenyewe. Vero akaanza upya, na baada ya miezi minne hadubini kubwa ya Arusha ikaleta picha: maganda ya mviringo, yamejifunga.

Tusidanganyane, ng'ombe wa Mbulumbulu bado wanaugua. Chanjo ndiyo kwanza inajaribiwa kwa ndama ishirini, na kiti cha Vero anakirithi Alex, ambaye hata chai huikoroga mpaka ipoe. Nitamchunga mimi.

Asante, Vero. Kwako kuna wajukuu wanne na shamba la maharage, na huko hakuna karatasi mezani. Mungu akupe siku nyingi. Nenda ukashike kila kitu.