Ruthu Ndahani, Aliyenizika Sura ya Nne

Ndugu waombolezaji, Bwana asifiwe. Anayesoma wasifu huu ni Stanley Ndahani, baba mdogo wa marehemu. Mliosoma riwaya ya Ruthu mnajua mimi nilishafariki sura ya nne. Naomba msikimbie.

Marehemu Ruthu Petro Ndahani alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Handali, mtoto wa pili wa marehemu kaka yangu Petro. Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Msalato, akahitimu mwaka 1993. Tangu utoto alipenda kusikiliza. Wakubwa tukisengenyana, yeye yuko pembeni anajifanya anachambua mlenda. Kumbe anatuweka akiba!

Alifundisha Kiswahili Dodoma mjini, na Juni 2001 akafunga ndoa na Damas Mchiwa, wakaishi mtaa wa Kikuyu, hukohuko mjini. Bwana huyu hakutokea kitabuni hata mstari mmoja. Sijui alitumia dawa gani.

Mwaka 2019 riwaya ikatoka. Ndani yake yumo mzee Stivini, Mgogo mbishi, kofia ya sufu juani na redio kwapani. Haya, chekeni, nimewaona. Kufa sikukataa, tutakufa sote. Lakini mazishi yenyewe! Watu wanane, pilau, ng'ombe hakuna, wimbo wa Kigogo hata mmoja hakuna, jioni kila mtu kwake. Halafu wasomaji wa Dar es Salaam wakamsifu eti ameonesha utamaduni wetu. Utamaduni gani huo, jamani? Nikaitisha kikao cha ukoo.

"Baba mdogo, ile ni hadithi tu," akajitetea.

"Hadithi inavaa kofia yangu?"

Kikao kikaamua anizike upya toleo la pili: ng'ombe, ugali wa uwele, mlenda, nyimbo, na watu walale msibani. Akakubali huku anacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilitaka wajukuu wakisoma wajue kwamba sisi hatumtupi mtu wetu.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona wodini, alinishika mkono.

"Shikamoo, baba mdogo. Ng'ombe wako bado sijamchinja."

"Marahaba, mwanangu. Mwache anenepe. Mimi sina haraka."

Akacheka, akakohoa, akalala. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, Anna na Lameck, mama yake mzazi Raheli, na ukoo ambao nusu yake imo kitabuni na nusu nyingine imenuna kwa kuachwa.

Basi, Ruthu. Ng'ombe ameanguka leo, ametoka zizini kwangu. Uwele umesagwa, mlenda upo, kina mama wanaimba tangu juzi sauti zimewakauka, na watu wamejaa mpaka uwanja wa jirani. Kila nilichokudai kipo. Ila nilidai kiwe cha msiba wangu, mwanangu, na wewe ndiye uwe unakula.

Mungu akupe pumziko la amani. Toleo la pili nimelisamehe.