Dina Filipo Alute, Aliyetaka Matenga Yarudi

Mchungaji, wazee, ndugu zetu wa hapa Utemini na nyote mliotoka Mtinko kuja kutushika mkono, mimi ni Stanley Filipo, kaka wa marehemu. Kamati ya mazishi imenipa dakika nane na kunishauri niruke habari ya ugomvi wetu. Dakika nitazifuata.

Marehemu Dina Filipo Alute alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971, kijijini Mtinko, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Filipo Alute na mama Agnes, wote sasa ni marehemu. Mimi nilimtangulia kwa miaka mitano. Baba yetu alikuwa akisuka matenga ya kuku. Kwa vijana wasioyajua, tenga ni kikapu kikubwa cha fito, chenye mfuniko, ambacho kuku wetu husafiria juu ya basi mpaka Dar es Salaam. Kazi hiyo baba alinifundisha mimi. Dina hakufundishwa, maana alikuwa binti, na siku zile hakuna aliyeona ubaya wake.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mtinko kuanzia mwaka 1981 hadi 1987. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Walimu walimkumbuka kwa maswali, na si wote waliyapenda. Alipokuwa darasa la tatu alichukua tenga ambalo baba alikuwa amelimaliza kwa ajili ya mteja, akalifumua lote ili aone linaanzia wapi. Baba aliporudi kutoka shambani alimkuta amekaa katikati ya fito. Hakumchapa. Alimwambia, "Wewe uliyelifumua, lisuke." Alihangaika siku tatu. Ufito mmoja ulivunjika, akakosa wa kujazia, akaacha tundu ubavuni na kulifunga kwa kipande cha gunia. Baba alisema ni uchafu, hawezi kumpa mteja kitu kama kile. Mama akalichukua, na wiki hiyo hiyo akagundua kwamba kwa kupitia lile tundu anaweza kumtoa kuku mmoja bila wengine kuruka. Leo kila tenga linalotoka Singida lina mlango wa ubavuni, na wengi wanaoutumia hawajui ulitokana na ufito uliovunjika.

Tarehe 9 Oktoba 1993 alifunga ndoa takatifu na Melkizedeki Simeoni, fundi baiskeli, wakahamia hapa Utemini. Mungu aliwajalia watoto watatu. Shemeji yangu ni mtu mpole sana, na alihitaji upole huo. Aliwahi kuniambia kwamba katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakumbuki kukalia kiti kile kile miezi sita mfululizo, kwa sababu mkewe alikuwa hajaridhika na miguu ya kiti hicho. Jiko la nyumbani lilihamishwa mara saba. Akiamka, mikono yake ilikuwa imeshaanza kutafuta kitu cha kubadilisha.

Mwaka 1996 alianza biashara ya kuku. Alizunguka minadani kwa baiskeli, akakusanya kuku na kuwapeleka stendi kwa Miraji, mfanyabiashara aliyewasafirisha. Mwaka 2009 alimwomba Miraji amchukue akaone kuku wake wanaishia wapi. Miraji yupo hapa, atanisahihisha nikikosea. Walipofika sokoni Dar es Salaam, kuku walishushwa, na matenga yakatupwa nyuma ya mabanda. Kuyarudisha matupu kulichukua nafasi ya mzigo, basi hakuna aliyejisumbua. Akina mama wa chakula walikuwa wakiyavunja na kupikia wali. Dina alisimama pale akaangalia tenga langu likiungua. Alilijua kwa mkono wangu. Njia nzima ya kurudi aliinamia viganja vyake akivikunja na kuvikunjua, Miraji akadhani anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa anatafuta namna ya tenga kukunjwa likawa bapa, ili mtu mmoja arudi na matenga ishirini chini ya kiti. Alitumia tyubu kuukuu za baiskeli za mumewe kama bawaba. La kwanza lilipakiwa mwaka 2011, na lilipofika kwenye tuta karibu na Manyoni likajikunja lenyewe, kuku kumi na wanane wakiwa ndani. Abiria wa siku ile waliwakimbiza kuku barabarani hadi jasho likawatoka. Miraji aliporudi alimwambia, "Mama Martha, mimi na wewe kwa haya mambo basi." Akajibu, "Sawa. La pili litakuwa tayari Alhamisi." Aliendelea kuharibu na kurekebisha miaka mitatu. Mwaka 2014 lilisimama, likaenda na kurudi, likaenda tena. Akawafundisha wanawake wa mtaa wake bila kumficha mtu kitu, ingawa wengi tulimwambia ni mjinga.

Sasa nafika mahali ambapo kamati imeniomba niparuke. Ndugu zangu, tenga linalorudi halinunuliwi tena. Mimi nilikuwa nakula kwa yale matenga yanayochomwa. Hilo hakulifikiria, au alilifikiria akaona si hoja, mpaka leo sijui, na bado linaniudhi. Krismasi ya mwaka 2015, mezani kwake, mbele ya watoto, nilimwambia, "Umenitoa tonge mdomoni, na mimi ni kaka yako." Akasema, "Kaka, mimi siikatai kazi yako. Nakataa ikichomwa." Nikainuka nikaacha chakula. Nikaenda kuwaambia wasusi wenzangu wote wa Mtinko wasimuuzie fito, nao wakanisikiliza. Akawa anazifuata mpaka Sepuka. Kwa miaka tisa tulikutana kwenye misiba na harusi. Kila mara alinipigia magoti kidogo na kusema, "Shikamoo kaka." Nami niliitikia, "Marahaba," nikapita. Watu wakadhani tumepatana.

Mwezi Novemba mwaka jana, 2024, presha iliyokuwa ikimsumbua muda mrefu ilimletea kiharusi, na mkono wa kushoto ukafa. Alilazwa hospitalini hapa mjini kwa wiki mbili, kisha akaruhusiwa kuuguzwa nyumbani. Ugonjwa haukumtuliza. Aliagiza aletewe fito kitandani. Muuguzi alipomwambia apumzike, alimuuliza kama anajua kusuka, ili amshikie upande mmoja. Maana lile tenga la kukunja lilikuwa na ila moja ambayo hakuwahi kuimaliza. Kitako chake kilikuwa kikikatika baada ya safari chache. Kuna namna ya kuanza kitako ambayo baba aliijua, nayo haikatiki mpaka fito zioze. Baba aliniachia mimi peke yangu.

Jumapili tarehe 2 Machi mwaka huu alimtuma binti yake Martha aje Mtinko. Martha alisimama mlangoni kwangu akasema, "Shikamoo mjomba. Mama anasema uje umwonyeshe kitako cha babu. Anasema usichelewe." Ningeweza kusema nilikuwa na kazi ya mnada, lakini huo ungekuwa uongo mdogo. Ukweli nilitaka asubiri kidogo. Miaka tisa aliniacha nikihangaika, nikaona siku sita hazitamuua. Nilimwambia Martha, "Kamwambie nitakuja Jumamosi."

Marehemu aliaga dunia Ijumaa, tarehe 7 Machi 2025, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake, baada ya kupata kiharusi cha pili. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Jumamosi nilifika kama nilivyoahidi, nikiwa na mzigo wa fito za mkole kwenye baiskeli, nikakuta turubai limeshafungwa.

Wengi wenu mmeniona siku hizi nne nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba, nikisuka. Nimesikia mkinong'ona kwamba mzee Stanley amechanganyikiwa, na baadhi yenu mmeniletea uji kwa huruma. Sijachanganyikiwa. Nilichukua tenga lake la mwisho nikalitia kitako cha baba, nikidhani ni kazi ya asubuhi moja, nikimaliza liwekwe hapa mbele mlione. Kitako cha baba hakikubali. Nguvu yake yote inatokana na fito kupanda moja kwa moja kutoka chini hadi ubavuni, na tenga la Dina linatakiwa likatike pale pale ili likunjwe. Nimelifumua mara nne. Jana jioni nilijikuta nikiita, "Dina, hebu njoo ushike hapa," na Melkizedeki akainua kichwa akaniangalia.

Siku zote nilijiona nimemnyima jibu. Kumbe sikuwa nalo. Yeye alijua kukunja, mimi nilijua kushikiza, na hicho kitako kilihitaji tukae wawili, tugombane, tufumue, tuanze upya. Miaka tisa ilitosha kabisa kwa kazi hiyo. Ninaumia, ndugu zangu, na sioni haya kulisema. Wasusi wenzangu wa Mtinko niliowazuia wasimuuzie fito, katazo hilo lilikuwa langu na lilikuwa baya. Akina mama wa Utemini, tukishaanua matanga nitabaki hapa kwa shemeji. Yeyote mwenye wazo juu ya kitako aje, awe mzee au msichana. Mimi la kwangu limekwama.

Marehemu ameacha mume, Melkizedeki Simeoni, watoto watatu, Martha, Emilian na Catherine, wajukuu wanne, wanawake wa mtaa huu aliowafundisha, ambao hesabu yao hakuiweka, na kaka mmoja, aliyefika kesho yake.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Amlaze dada yetu mahali pema, na pumziko ambalo hakulitaka hapa duniani alipokee kwake.