Namba ya akiba kwa Bi Mize wa Wawi

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Namshukuru Mola aliyenirudishia kitu nilichokwisha kukilia, na baada yake namshukuru mama yangu mdogo, Bi Mize wa Wawi. Kusema mbele za watu kunanishinda, ndiyo maana nimeandika.

Mama yetu alifariki, Mungu amrehemu, mdogo wangu Raya hajaanza skuli. Tulibaki na sauti yake. Nilimrekodi akimwimbia Raya huku anamenya muhogo, na Raya halali mpaka aisikie. Sauti hiyo niliiweka kwenye akaunti yangu ya mtandaoni, moyo wangu ukatulia.

Ndugu zangu, siku moja nikiteka maji hapa Kengeja, simu ilichomoka mfukoni mwa shati ikatumbukia kisimani. Niliazima simu ya jirani nifungue akaunti. Neno la siri nimelisahau. Namba za kuthibitisha zinatumwa kwenye laini iliyozama, na laini yenyewe ilisajiliwa kwa jina la marehemu mama.

Raya akaniuliza, "Kaka, mama kazama?"

Niliomba dua palepale kisimani, na ndipo nikakumbuka. Sikukuu iliyopita niliweka namba ya Bi Mize iwe ya akiba, nikamuusia: "Zikikujia tarakimu usimpe mtu, hata akisema ni mimi, mpaka umwone kwa macho."

Nikaomba zitumwe kwake, nikampigia kwa simu ya jirani.

"Bi Mize, ni miye Hamadi, simu imezama, nisomee hizo namba upesi, Raya analia, nakuomba sana mama..."

"Hamadi gani weye? Hamadi wangu hata salamu humtoka kwa kuvutwa. Mwizi mkubwa, maneno kama mvua. Huna haya?"

Akakata. Nilipiga tena, hakupokea.

Nikamshika Raya mkono tukapanda gari mpaka Wawi. Mlangoni nilibisha hodi kwa sauti yangu hii ya chini, ambayo kila siku watu huniambia nirudie. Bi Mize hakuniambia nirudie.

"Huyo sasa ndiye wangu," alisema akiwa ndani. Hata hivyo alitoka kwanza, akanitazama uso, ndipo akanipa simu.

Tarakimu za mwanzo zilikuwa zimekwisha muda. Niliomba nyingine, akaunti ikafunguka. Mama akaimba. Raya alilala mapajani mwa Bi Mize kabla wimbo haujesha, na Bi Mize akawa anamsikiliza dada yake bila ya kufuta machozi.

Sasa nina laini kwa jina langu na neno jipya la siri. Namba ya akiba sikuibadilisha.

Ndugu zangu, mtegemeeni Mwenyezi Mungu, naye hamtupi mja wake. Lakini leo hii, kabla simu haijazama, wekeni namba ya akiba. Iwe ya mtu anayekupenda kiasi cha kukukatia simu.