Graeme Tillotson na Tangi Lake la Mwisho

Marehemu Graeme Alan Tillotson alizaliwa Motueka tarehe 9 Machi 1956, msimu wa kuvuna hopsi, maua yale yanayoipa bia uchungu wake. Mama yake alitoka shambani asubuhi, mchana akajifungua. Ndiyo mara pekee ambayo marehemu alifika kabla ya wakati.

Alisoma Motueka, kisha Christchurch, alikohitimu uhandisi wa kemikali mwaka 1978. Mwaka 1983 alimwoa Heather Pascoe, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti, Bronwyn.

Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilipita Auckland, akiwekeza fedha za matajiri katika kampuni changa. Alivyoieleza mwenyewe, unachagua kumi, unazika tisa kwa heshima, na ya kumi ikilipa unaitwa mwenye maono.

Mwaka 2009 walihamia Nelson na kufungua kiwanda kidogo cha bia. Alikwenda na hesabu ileile: mwaka wa kwanza alipika bia za aina kumi, akingoja moja ing'are. Zile nyingine walizinywa majirani.

“Hii ina ladha ya soksi,” jirani yake Trevor alimwambia.

“Vumilia, bwana. Ya kumi inakuja.”

“Graeme, mimi nina tumbo moja.”

Heather alikuwa akifuta kaunta. “Mume wangu, kule kampuni ikifa unafunga faili. Hapa uliyemnywesha vibaya utakutana naye kesho kwa muuza nyama.”

Marehemu alifikiri kidogo, akaenda kufungua matangi na kuimwaga bia yote mferejini. Tangu hapo alipika aina mbili tu, na tangi lisilomridhisha alilimwaga mwenyewe, bila hotuba.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Machi iliyofuata alitaka kupika bia ya hopsi mbichi, ambayo hupikwa mara moja kwa mwaka, maua yakiingia sufuriani siku ileile yanayochumwa. Aliketi kwenye kiti akitoa amri. Bronwyn, ambaye naye ni mwekezaji huko Auckland, ndiye aliyekoroga.

“Ikiharibika, baba?”

“Mwaga. Msiwanyweshe watu bia mbaya kwa sababu nimekufa.”

“Hata msibani?”

“Hasa msibani. Watashindwa kulalamika.”

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2023, Heather akiwa amemshika mkono. Bia ilikuwa bado haijaiva.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, Isla na Fergus, dada yake Lorraine, na Trevor, ambaye alisamehe zamani.

Jana Bronwyn alilifungua tangi. Kwanza aliondoa kifuniko cha mfereji, kama alivyofundishwa. Akaonja, akampa mama yake glasi. Heather alionja, akakirudisha kifuniko kwa mguu.

Baada ya maziko, karibuni nyote kiwandani. Nawe Graeme, pumzika kwa amani, hatukumwaga.