Sanduku Lililoitikia Miguu Yangu

Wamama wenzangu mliofiwa na watoto kama mimi, niruhusuni niongee nikiwa nimekaa. Miguu imechoka, na hii miguu yenyewe iko ndani ya ushuhuda, mtasikia. Sheria yetu hapa ni kutotaja watu. Mimi shule niliacha mapema lakini majina nayashika yote, hata ya mbuzi wa mama yangu, kwa hivyo mnanipa kazi ngumu. Nitasema "fundi". Nitasema "mke wa mwanangu". Lakini mwanangu nitamtaja: Mutua. Nikisema "marehemu" tu, nasikia kama nazungumzia mtoto wa mtu mwingine.

Mutua alikuwa anapiga gitaa. Harusi, harambee, na baa pia, siwafichi. Chombo chake kikubwa kilikuwa amplifaya, sanduku la zamani, zito kama gunia la mahindi, lile la taa za glasi ndani. Ukiliwasha linakaa kwanza. Zile taa zinakuwa nyekundu polepole kama makaa, ndio sauti inakuja.

Mwaka ule wa mvua nyingi, yeye na wenzake wa bendi walikuwa wanatoka kupiga harusi upande wa Mwala. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu. Si mnajua mito yetu: wewe umesimama juani, kumbe mvua imenyesha huko milimani. Mutua akavuka na sanduku kichwani, akaliweka ng'ambo, akarudi kuchukua gitaa. Maji yalimpata katikati.

Tulichimba ule mchanga, nawaambia. Majirani walikuja na majembe, hata wale wa kupakia lori za mchanga wakaja na koleo zao. Hatukumpata. Kilichorudi nyumbani ni sanduku. Hatukuzika. Ungezika nini?

Nikaliweka sebuleni, pale alipokuwa anapenda kukaa. Jioni moja, baada ya kukamua, nikaliwasha nione tu zile taa. Likaanza kuvuma. Nikainuka niende jikoni, na nilipokanyaga sakafu, sanduku likasema: nginnn. Nikasimama. Likanyamaza. Nikakanyaga tena. Nginnn. Kama mtu anayeitika akiwa chumba kingine.

Msicheke. Au chekeni kidogo, lakini nyinyi ndio mnajua. Nilisema, "Mutua, ni wewe?" Nikakanyaga. Likaitika.

Kutoka hapo niliharibika. Kila jioni nawasha, natembea mbele yake, namwambia habari za shamba. Nampakulia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwa sahani yake ya bluu. Kanisa nikaacha. Mke wa mwanangu alikuwa anakaa na mimi pamoja na binti yao mdogo, na mtoto akicheza namwambia nyamaza, simsikii baba yako. Mpaka siku moja yule mtoto akaweka mdomo kwenye kitambaa cha spika, akasema, "Baba, toka."

Mama yake akambeba. "Mwaitu," akaniambia, yaani mama, "mimi nimevumilia. Huyo hayuko kwa hilo sanduku."

"Wewe husikii akiitika?"

"Nasikia. Ndio maana naenda."

Wakaenda kwa watu wake, huko Konza.

Nikabaki na sanduku. Na sasa likaanza kudhoofika. Linakwaruza kama mafuta ya kukaanga, sauti inakuja, inapotea. Niliogopa, ndugu zangu. Mto ulimchukua nikiwa mbali. Sasa alikuwa anaondoka mara ya pili, ndani ya nyumba yangu, nikimwangalia. Nikaenda sokoni kwa fundi wa redio.

"Nataka umpe nguvu," nikamwambia.

"Nimpe nani, mwaitu?"

"Wewe kuja tu."

Alikuja asubuhi. Akachomoa waya ukutani, akafungua mgongo wa sanduku. Nikanyoosha mkono, akaudaka. "Usiguse! Hata ukichomoa, kuna stima imelala humo ndani, inaweza kukuua." Moyoni nikasema, si mnaona? Kuna kitu kimelala humo.

Akaitoa hiyo stima kwa njia yake, akasafisha, kisha akawasha. Akachukua penseli, akaanza kugonga zile glasi moja moja, polepole, kama mtu anayebisha kwa mgonjwa. Ile kubwa, kimya. Mwenzake, kimya. Kale kadogo ka pembeni: nginnn.

Nikaruka. "Huyo! Mpe nguvu huyo!"

Fundi akashusha penseli. "Mwaitu, hiyo sauti ndiyo ugonjwa. Glasi hii imelegea ndani. Ukikanyaga inatetemeka, na spika inapiga kelele."

"Ni Mutua."

Hakubishana na mimi. Hata hakucheka. "Sawa," akasema, "tuangalie pamoja." Akazima, akangoja, akaitoa ile ndogo akaibadilisha nafasi na nyingine ya aina yake. Akawasha, akanipa penseli. "Gonga mwenyewe."

Nikagonga pale sauti ilikuwa. Kimya. Nikagonga pale alipoihamishia. Nginnn, kidogo, lakini ile ile.

"Rudisha," nikasema. Akarudisha. Sauti ikarudi nayo. Kila mahali glasi ilienda, sauti ilikwenda.

Nikakaa chini. Glasi, wamama. Kama kidole gumba changu.

"Naweza kuiacha," fundi akaniambia. "Itakuitikia siku chache, halafu itakufa yenyewe. Ama niweke nyingine, sanduku lipone. Lakini ukitembea hutasikia kitu."

Niliangalia sahani ya bluu, muthokoi umekauka juu yake. Nikasikia nyumba ilivyokuwa bila mtoto. Nikafikiri: mto haukuniuliza. Huyu ananiuliza.

Nikasema, "Toa."

Akazima, akaitoa, akaifunga kwa kitambaa, akaniwekea mkononi. Bado ilikuwa na joto. Niliishika mpaka joto lote likaisha. Akaweka nyingine, akawasha, nikavuka chumba. Kimya. Nikarudi. Kimya. Hapo ndipo nililia kilio cha matanga, kile sikuwa nimelia tangu mtoni.

Nikatuma neno Konza. Mke wa mwanangu akaja na mtoto, bila kuniuliza swali. Tulichimba kando ya kaburi la babake Mutua, tukaifunga ile glasi ndani ya shati lake, tukazika. Wako waliosema si vizuri kuzika taa. Wacha waseme. Leo niko na mahali pa kung'oa magugu, na jina lake liko hapo.

Namshukuru yule fundi aliyekubali kugonga pamoja na mimi. Namshukuru mke wa mwanangu, aliondoka akiwa na haki na akarudi akiwa na huruma. Nanyi mlioniacha niongee. Kama uko na kitu nyumbani kinachokuitikia, kiatu, au harufu ya blanketi, sikwambii ukitupe. Ita mtu mkisikilize pamoja. Mimi nilisikiliza peke yangu, na karibu niende nacho.

Sanduku lenyewe ndilo lile pale, chini ya kitambaa cheupe, na sauti ya gitaa la kwaya itatokea humo sasa hivi. Nilipokuwa nakuja kukaa hapa nimepita karibu nalo, na nimekanyaga kwa nguvu kidogo. Wengine mmeniona. Halikuitika.

Haya, kwaya, pigeni.